Bibi kaona mwanamke mlangoni, mkwe kaitwa mchawi: kisa kimoja cha Wete tukichambue

Kisa hichi familia wenyewe wameniruhusu nikiandike, kwa sharti moja tu, majina yasitoke na kijiji kisitajwe, kwa hiyo jueni tu ni upande wa Wete, Pemba, kule kwenye mikarafuu, nyumba zimekaribiana na mtu akikohoa usiku asubuhi anaulizwa na mtaa mzima. Mimi ni nesi na kwa watu hawa nimeingia kwa upande wa ndoa, ndo mana simu ilikuja kwangu. Na simu yenyewe haikusema bibi anaumwa. Ilisema mke wa mwana mkubwa wa bibi anafunga nguo zake anarudi kwao, kaitwa mchawi, na shahidi ni bibi mwenyewe, kamuona kwa macho yake.

Bibi kitambulisho kinasema ana miaka 77, mjane, anakaa na mwanawe mkubwa, mke wa huyo mwanawe na wajukuu. Analala chumba cha uani pamoja na mjukuu wa kike anayesoma kidato cha tatu. Kwa muda mrefu alikuwa anasema kuna watoto wanakuja kukaa chumbani kwake, na watu walikuwa wanacheka tu, uzee huo. Baadae akaanza kumtaja mwanamke. Kavaa buibui, anasimama mlangoni usiku, hasemi neno. Jirani mmoja aliyekuja kumkagua akamuuliza, mrefu au mfupi? Bibi akafikiri kidogo akajibu mrefu mrefu hivi. Mke wa mwanawe ni mrefu. Kesi ikaisha palepale, hakuna aliyeuliza swali la pili.

Wale watoto hakuna aliyewahi kuwafuatilia, kwa sababu watoto hawana wa kusingiziwa. Hilo mimi liliniuma zaidi ya yote.

Sasa mtu mzima akianza kuona vitu ambavyo wengine hawavioni, swali la kwanza kwangu huwa si anaona nini. Ni ilianza lini, na kabla ya hapo kulikuwa na nini. Nikakaa na mwanawe, nikakaa na mke wake (peke yake, mana mbele ya watu asingesema kitu), nikakaa na yule mjukuu ambaye ndo alikuwa anajua kila kitu kama kawaida ya watoto wa kike wa nyumba zetu. Na historia ilirudi nyuma mbali kuliko wao walivyodhani.

Marehemu babu alikuwa anatania barazani kwamba mkewe usiku anapigana. Kweli kabisa, amelala lakini anarusha ngumi, anapiga teke, anapiga kelele "mwizi huyo!", siku moja kamgonga babu mdomoni hadi damu ikatoka, asubuhi anaulizwa anasema nilikuwa naota nafukuzwa na ng'ombe. Watu wakacheka. Kumbe mtu mwenye afya akiwa kwenye usingizi ule wa ndoto, ubongo unazima misuli ya mwili ili ndoto ibaki ndoto, na kuna maradhi yanayoharibu ile swichi ya kuzima, mtu anaicheza ndoto yake kitandani. Jambo hili linaweza kutangulia dimenshia, yani maradhi ya ubongo yanayoondoa akili ya mtu taratibu, kwa miaka mingi sana, wakati kumbukumbu bado nzima na mtu anapika, anasali, anahesabu pesa zake vizuri.

Halafu pua. Mwaka mmoja wakati wa karafuu, majamvi yametandazwa mpaka barabarani, harufu Wete nzima unaijua ilivyo, bibi anauliza mwaka huu mbona karafuu hazinuki. Watu wakadhani ni masihara. Baada ya hapo wali ukaungua jikoni yeye kakaa hapo hapo na hana habari. Pua kufa namna hiyo bila mafua ni dalili inayotajwa sana kwenye maradhi haya nitakayoyasema, na choo kigumu vilevile, ambacho bibi alikuwa nacho miaka na akikitibu kwa mapapai.

Lakini kilichonifunga mimi ni mkeka. Huyu bibi alikuwa msusi, anasuka ukili na kuushona mikeka ya kuuza, na ukili wake ulikuwa unajulikana, umenyooka. Mjukuu akanitolea fundo la ukili wa karibuni kutoka uvunguni. Mwanzo wake sawa, rangi zinapishana inavyotakiwa, baada ya kama pima moja upana unaanza kucheza, mara umenona mara umekonda, miyaa imerukwa, halafu ile nyekundu inapotea kabisa na mwisho ni vurugu tupu, kama kasuka mtoto anayejifunza. Na bibi bado alikuwa anakumbuka kauziwa miyaa na nani na kwa bei gani! Yani kumbukumbu ipo, kilichokwenda ni ule uwezo wa jicho na akili kupanga kitu kikae mahali pake. Kwenye Alzheimer, ile dimenshia inayojulikana zaidi, kwa kawaida inaanza kupotea kumbukumbu, mtu anauliza jambo moja mara kumi. Hapa ilianza mikono na macho. Spitali wangempa karatasi achore saa. Sisi tulikuwa na ukili na kwa maoni yangu ni kipimo bora kuliko saa kwa mtu ambaye hajawahi kushika kalamu.

Mke wa mwanawe naye akaongeza jambo ambalo yeye aliliona dogo, kwamba anamjua mama mkwe wake anapokuja kwa mlio wa kandambili, zamani alikuwa haburuzi, saivi anaburuza, hatua fupi fupi, na akigeuka anageuka mzima mzima. Kuburuza huku kulianza kabla ya dawa yoyote. Likumbukeni hili, tutalihitaji.

Basi hao watoto. Wanakuja jioni zaidi, wawili au watatu, wanakaa pembeni ya chumba karibu na sanduku, wamevaa kanzu nyeupe, miguu mitupu, hawasemi. Bibi anawaelezea kwa utulivu kama anavyowaelezea majirani, mmoja ana kipara, mmoja kamasi zinamtoka. Hakuwa anawaogopa. Alikuwa anawaonea huruma na ugomvi wake ulikuwa na watu wa nyumbani, "wana wa nani hawa, mbona hamwapi chai?" Ikafika anakata boflo lake anawawekea vipande juu ya mkeka, asubuhi sisimizi wamejaa na mke wa mwanawe ndo anayefagia. Mara nyingine anasema mwenyewe najua nyie hamuwaoni. Mara nyingine hajui.

Na kupanda na kushuka. Asubuhi unakaa naye anakupa hesabu za ukoo hadi babu wa nne, mchana huohuo anatazama ukuta saa nzima, ukimwita hayupo, alasiri karudi anauliza mmeswali. Hapa ndo watu wanapotea sana, mana upande mmoja wa familia wakasema anajifanya, mbona asubuhi alikuwa mzima, na upande wa pili wakasema kitu kinampanda na kumshuka. Hakuna aliyefikiria kuwa maradhi yenyewe ndo yanavyokwenda.

Ukiyaweka pamoja, maluweluwe ya kuona yenye sura kamili yanayojirudia, akili inayopanda na kushuka, kupigana usingizini, na mwili kukakamaa na kuburuza miguu, hiyo ni picha ya dimenshia ya miili ya Lewy. Dakta wa Kijerumani anaitwa Friedrich Lewy ndo aliyeona miili hiyo, vibonge vidogo ndani ya chembe za ubongo, mwaka 1912 akichunguza wagonjwa wa Parkinson (maradhi ya kutetemeka na kukakamaa), na 1976 Mjapani Kenji Kosaka akaeleza kuwa vikisambaa sehemu ya juu ya ubongo vinaleta dimenshia. Ndani yake kuna protini inaitwa alfa-sinukleini imejikunja vibaya na kurundikana. Vigezo vilivyopitishwa 2017 vinasema mwenye dimenshia akiwa na mbili tu kati ya hizo dalili nne za msingi, huyo anahesabiwa kuwa nayo kwa uwezekano mkubwa, bila hata mashine. Bibi alikuwa nazo zote nne. Kwa hiyo msiniambie Pemba hatuna skani ndo mana hatukujua. Hatukujua kwa sababu hakuna aliyeuliza habari za ngumi za usiku.

Sasa yule mwanamke wa buibui. Yeye hakuwa kama watoto. Watoto wanakuja popote bibi alipo, hata ukumbini. Mwanamke ni mlangoni tu, usiku tu, na bibi akiwa kitandani tu. Nikamwambia yule mjukuu, leo usiku lala kitandani kwa bibi, kichwa pale anapoweka yeye, zima taa kisha tazama mlangoni. Akanipigia usiku ule ule anacheka na anataka kulia. Nyuma ya mlango kuna msumari, na msumarini linatundikwa buibui. Mwangaza wa nyumba ya pili unaingia dirishani unalipiga upande mmoja, upepo ukija linatikisika. Buibui lenyewe ni la mke wa mwana, analiacha hapo akishatoka kisimani, kwa hiyo urefu wake ni urefu wake yeye kweli!

Hii si sawasawa na maluweluwe. Kwenye maluweluwe hakuna kitu pale, ubongo unazalisha wenyewe. Hii nyengine kitu kipo ila kinasomwa vibaya, na wagonjwa wa Lewy wana tabia hiyo kwa wingi, nguo inakuwa mtu, maua ya pazia yanakuwa nyuso, tena kwa bibi kulikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, la kushoto likiwa limeshafanya weupe. Buibui likahamishiwa chumba cha mbele. Mwanamke alipungua sana ingawa hakuisha kabisa, mara mojamoja anaonekana penginepo, lakini hana urefu maalumu tena. Kioo cha kabati nacho tulikifunika kanga, mana bibi alikuwa anamsalimia bibi mwenziwe mle ndani na kukasirika haitikiwi.

Ingeishia hapo ingekuwa kisa chepesi. Tatizo ni kwamba kabla mimi sijafika pameshapita mambo mawili.

La kwanza, bibi alikuwa anajikuna sana, kutoka duka la dawa akanunuliwa Piriton, akawa anakunywa kila siku. Piriton kwa mtu mzima mwenye ubongo kama huu si dawa ndogo. Kuna kemikali ya ubongo inaitwa asetilikolini, inayofanya kazi kwenye umakini na kumbukumbu, na wenye Lewy wanayo kidogo mno tayari, Piriton inakwenda kuziba hata hicho kidogo kilichobaki. Ndani ya siku chache watoto wakawa wengi, wadudu wakaanza kutambaa ukutani, na usiku mmoja umeme umekatika bibi akatoka na fimbo kumfukuza mwanamke, akamkuta mke wa mwanawe anatoka msalani, akampiga nayo. Ndo usiku uliopasua kila kitu. Alipomulikiwa tochi ya simu akasema huyu si mke wa mwanangu, kafanana naye tu. Hilo nalo ni la maradhi, mtu anamwona wake wa karibu na moyo unamwambia ni mgeni kavaa sura yake, lakini hebu fikiria limesemwa usiku, kwenye giza, Pemba, mbele ya majirani walioamka kwa kelele. Sisi ndo wale wa popobawa, yule pepo wa usiku, wa 1995, watu walilala nje kwa makundi. Khofu ya usiku kwetu haihitaji kuchochewa.

La pili ni sindano. Kijana mmoja wa ukoo, kwa nia njema kabisa, akampeleka bibi mahali pa kutibia, sipataji, akaeleza tuna mtu mzima kapata wazimu anapiga watu. Akachomwa sindano, wakaambiwa hii inakaa mwezi. Hakuna aliyeandika kitu, ila mjukuu kwa akili yake aliokota kichupa akakiweka kwenye mkebe wa skuli. Flufenazini. Ni dawa ya kutuliza wagonjwa wa akili, inafanya kazi kwa kufunga njia za dopamini (kemikali ya ubongo inayosaidia mwili kujongea), na kwa kijana mwenye skizofrenia inaweza kuwa ndo msaada. Kwa mtu wa Lewy dopamini yenyewe imeshapungua, ndo mana anaburuza kandambili. Tangu 1992 madaktari wa Uingereza waliandika kwamba takriban nusu ya wagonjwa hawa wakipewa dawa za jamii hiyo, haloperidoli na nduguze, wanapata madhara makali, wanaganda, fahamu inapotea, na wengine wanakufa. Na Marekani mamlaka yao ya dawa 2005 ikatoa onyo kwa dawa mpya za jamii hiyo kwamba zinaongeza vifo kwa wazee wenye dimenshia, 2008 wakaongeza na zile za zamani. Tena hii ilikuwa ya mafuta, ya kukaa mwilini wiki kadhaa, ukishaichoma huwezi kuitoa.

Bibi akaganda. Siku ya pili hawezi kuinuka, mikono imekunjwa kifuani, mate yanamtoka, macho yanatazama tu. Na familia wakapumua! Mana ametulia, hapigi kelele, hataji mtu. Huo utulivu ndo ulionitisha mimi kuliko fimbo. Wakarudi pale pale wakaambiwa ukakamavu huo una dawa yake, wakapewa benzhexol, ile watu wengi wanaijua kwa jina la Artane. Nayo inaziba asetilikolini, kali zaidi ya Piriton. Kwa hiyo hesabu ikawa hivi: dawa ya muwasho imezidisha mauzauza, mauzauza yameleta sindano, sindano imeleta ukakamavu, ukakamavu umeleta Artane, na Artane imefunga mkojo. Nilipofika kibofu chake kilikuwa kimejaa mpaka unakiona kwa macho chini ya kitovu, ana homa, anaokota vitu hewani kwa vidole, hamjui yeyote, na wao wamemzunguka wanammiminia uji na kombe mdomoni ilhali hawezi kumeza.

Kwenye kombe hapo niseme. Sina ugomvi na kombe. Ni aya na zafarani na maji, na bibi mwenyewe anaipenda. Lakini mtu ambaye koo imekakamaa ukimmiminia chochote, kiwe kombe kiwe Zamzam, kinakwenda mapafuni na nimonia ndo inayomchukua, halafu tunasema siku zimefika. Nilimwambia sheikh hivyo hivyo, mzee mwenye busara, akasema basi nitamsomea na maji nitampaka usoni na mikononi. Alikuwepo na mtu mwengine aliyetaka pepo apungwe, mbuzi na ubani na ngoma ya usiku kucha, huyo sheikh ndo aliyemzuia, si mimi, mimi wasingenisikiliza.

Spitali wakamuwekea mpira wa mkojo, mkojo ukapimwa una uchafu, akapewa antibayotiki na dripu. Wakapima malaria, hakuna, sukari sawa, chumvi ya damu imeshuka kidogo, choo kimegandamana na ikabidi kisaidiwe. Vidonge vyote viwili vikasimamishwa. Sindano ndo hivyo, ilibidi isubiriwe iishe yenyewe. Na mimi nikaomba liandikwe faili kwa herufi kubwa, asipewe tena haloperidoli, flufenazini, wala kloropromazini, hata kama usiku atapiga kelele, na dakta aliyekuwepo zamu alilielewa haraka, sifa zake.

Watu wananiuliza, je kama si Lewy, ni jicho tu? Swali zuri, mana lipo jambo hilo. Mwaka 1760 mtaalamu wa Uswisi, Charles Bonnet, aliandika habari za babu yake Charles Lullin, mzee aliyekaribia kupofuka kwa mtoto wa jicho, akawa anaona watu, ndege na majumba ilhali akili yake timamu kabisa na anajua hakuna kitu. Jicho likikosa picha, ubongo unajichorea wenyewe. Kwa bibi jicho lilichangia, sikatai, lakini jicho halimfanyi mtu arushe ngumi usingizini wala halivurugi ukili ambao vidole vimeusuka miaka yote hata gizani. Na je ni ile hali ya kuchanganyikiwa ghafla tu kwa sababu ya mkojo na dawa? Wiki ile ya mwisho ndiyo, kwa kiasi kikubwa. Wadudu wa ukutani na kuokota hewani kuliondoka baada ya mkojo kutibiwa na Artane kutoka mwilini. Watoto walibaki. Kilichokuja ghafla kiliondoka, kilichokuwepo tangu zamani kikabaki pale pale, na kwangu mimi hiyo ndo ilikuwa kama jibu la maabara.

Kuhusu majini najua mtaniuliza. Wapo, tumeambiwa wapo, sibishani na hilo. Ninachosema ni kwamba maono ya mtu ambaye ubongo wake unaumwa hayawezi kuwa ushahidi juu ya mtu mwengine, kama ambavyo kadhi asingepokea shahidi aliyekuwa usingizini. Sheikh aliwaambia maneno ya namna hii wanaume wa ukoo baada ya sala ya ijumaa na yalikuwa na uzito kuliko vichupa vyangu vyote. Hata hivyo yule jirani wa mrefu-au-mfupi hajaomba radhi mpaka leo.

Nyumbani sasa. Kazi kubwa ilikuwa kumfundisha kila mtu asibishane na bibi kuhusu watoto, na pia asidanganye. Mjukuu lilimkera kweli, "nikisema nawaona si nitakuwa nimesema uongo?" Tukakubaliana aseme, "Bibi mimi siwaoni, ila najua wewe unawaona, wanakusumbua?" Akisema hawanisumbui basi yaishe, mazungumzo yahamie kwengine, habari za mikarafuu, habari za harusi. Akisema wananisumbua, washa taa, mshike mkono, mtoe ukumbini, mara nyingi akivuka mlango wanabaki huko. Mke wa mwana yeye alikuwa na taabu zaidi, mkwe hawezi kumwambia mama mkwe siwaoni, ni kama kumkatalia. Anasema "Haya mama, nitawaangalia," anaweka kikombe kimoja mezani, mimi nimemwachia afanye hivyo hivyo, adabu yake anaijua yeye.

Taa ndogo ya sola inawaka chumbani usiku kucha. Umeme wa Pemba unatoka Tanga chini ya bahari tangu 2010, ukikatika giza linakuja mara moja, na giza la ghafla ndo adui wa bibi namba moja. Sabuni ikabadilishwa na anapakwa mafuta ya nazi, muwasho ukatulia bila Piriton. Akitoka kitandani anakaa kwanza pembeni kabla ya kusimama, mana presha yake inashuka akinyanyuka na ameshaanguka.

Pesa ya Pensheni Jamii nayo ilikuwa na kesi yake. Zanzibar ilianza kuitoa Aprili 2016 kwa kila aliyetimiza miaka 70, na bibi alikuwa kila mwezi anadai mkwe kamuibia. Saivi inahesabiwa mbele yake, asubuhi, wakati akili ipo juu, mwanawe na mjukuu wakiwepo, anaifunga mwenyewe kwenye pembe ya kanga. Ukimhesabia saa tisa mchana umejitafutia kesi. Kila jambo la maana na bibi linafanywa asubuhi, kuoga, dakta, hata kuombwa radhi.

Dawa anayotumia ni donepezili, imeanzwa mg 5, na kabla ya kuanza alipimwa mapigo ya moyo mana inaweza kuyapunguza. Hii haiponyi maradhi, inazuia ile asetilikolini iliyobaki isivunjwe haraka. Wiki za mwanzo alikuwa anatapika kidogo, ikawa anapewa baada ya kula. Kukakamaa kwa sindano kulichukua muda mrefu kulegea, na kutembea kwake hakujarudi kama kabla, hilo tuseme ukweli, kuna kitu alikipoteza pale hatokipata tena. Lakini anakaa barazani, anakula mwenyewe, watoto wanakuja mara chache na wakija haongei nao sana. Kuna rafiki yangu aliuliza kwa nini asipewe dawa ya Parkinson ili atembee. Levodopa inaweza kumsaidia miguu na ikamrudishia mauzauza kwa kishindo, dakta akaona heri miguu mizito kuliko fimbo usiku, na mwanawe akakubali.

Jicho la kushoto limepangiwa kupasuliwa, kwa ganzi ya jicho tu na mjukuu akiwa ndani. Niliwaambia wasitarajie watoto waondoke kwa operesheni, wanaweza kupungua tu.

Kinachotusumbua saivi ni hizo donepezili zenyewe. Dawa inanunuliwa Dar na shemeji, inapanda boti mpaka Unguja, halafu inasubiri meli ya Wete au mtu anayekuja. Mara moja ilichelewa, bahari chafu, na kukosa siku chache tu kulimrudisha nyuma vibaya, akawa hamjui mwanawe. Kwa hiyo sasa hainunuliwi inapobaki kidogo, inanunuliwa kikifunguliwa kiboksi cha mwisho, mchango unatolewa na watoto wote wanne kwa zamu, na anayeshika daftari la zamu ni yule yule mke wa mwana aliyekuwa anafunga nguo zake.